Piranesi: Mjenzi wa kanisa moja aliyeijenga Roma juu ya shaba

KATIKA Makumbusho ya Uingereza jijini London kimesimama chombo kikubwa cha marumaru, kirefu kuliko mtu yeyote anayepita mbele yake, kwani kutoka kitakoni hadi ukingoni kinafikia mita 2.71. Mwilini mwake zimechongwa sanamu zilizotokeza nje ya jiwe. Ni masatiri, viumbe wa hadithi za Wagiriki na Warumi wa kale wenye umbo la binadamu lakini masikio na mkia wa mnyama. Wamo katika mavuno ya zabibu, wakiandaa mvinyo wa bwana wao Bakusi, ambaye watu wa kale walimwabudu kama mungu wa divai, ngoma na ulevi.

Chombo hicho hakikupewa jina la kaisari aliyekuwa nacho wala la mchongaji aliyekianza. Kinajulikana kwa jina la mtu aliyezaliwa zaidi ya miaka 1,500 baada ya marumaru yake ya kwanza kuchongwa. Jina hilo ni Giovanni Battista Piranesi.

Piranesi ndiye aliyevipata vipande vyake, akaviunganisha, akaongeza palipopungua na kukiuza chombo kikiwa kizima. Kisha alikichora juu ya bamba la shaba na kuchapa picha yake, ikasambaa Ulaya pamoja na picha nyingine nyingi za vyombo, vinara na majeneza ya mawe ya Warumi. Katika picha hizo mabaki ya kale yanaonekana kama kwamba hayajapata kuguswa na nyundo wala tope.

Hapo ndipo palipo na fumbo la maisha ya msanii huyu, ambalo wanahistoria wa sanaa wameendelea kulijadili hadi leo. Je, alikuwa mlinzi wa urithi wa Roma au mbunifu wake? Jibu linapatikana katika safari ya maisha yake, iliyoanza mbali na Roma.

Mtoto wa mwashi

Piranesi alizaliwa Oktoba 4, 1720 huko Mogliano, karibu na Venice, wakati huo mji huo ukiwa ni jamhuri inayojitegemea. Baba yake, Angelo, alikuwa mwashi wa mawe. Mjomba wake, Matteo Lucchesi, alikuwa msanifu na mhandisi katika mamlaka ya maji ya Venice, chombo kilichobeba jukumu zito la kuukinga mji dhidi ya bahari.

Kwa hiyo kijana huyo alilelewa kati ya nyundo, patasi na ramani. Alijifunza usanifu wa majengo kwa mjomba wake, kabla ya kugombana naye na kuhamia kwa mwalimu mwingine. Kaka yake, aliyekuwa mtawa, alimfundisha Kilatini na kumsimulia habari za Roma ya kale. Inaelezwa kuwa masimulizi hayo ndiyo yaliyomwasha moyo, akaanza kuuota mji ambao alikuwa hajauona.

Tabia mbili zilizojitokeza katika umri huo hazikumwacha hadi kaburini. Ya kwanza ni bidii isiyojua usiku wala mchana. Ya pili ni hasira, kwa kuwa Piranesi alikuwa mtu mwepesi wa kugombana, tena hasa na wale waliomsaidia.

Roma, mji wa magofu

Mwaka 1740, akiwa hajatimiza miaka 20, alipata nafasi ya kwenda Roma akiwa mchoraji katika msafara wa Marco Foscarini, balozi wa Venice katika makao ya Papa. Mji alioukuta haukufanana na Roma ya leo. Uwanja uliokuwa moyo wa dola ya makaisari ulikuwa malisho ya ng'ombe. Nguzo za mahekalu zilikuwa zimefukiwa hadi kiunoni, na miti ilikuwa imeota juu ya kuta. Mawe mengi ya kale yalikuwa yamekwisha kung'olewa ili kujengea nyumba mpya au kuchomwa yawe chokaa.

Kijana wa mwashi alisimama mbele ya magofu hayo akiyatazama kwa jicho la mtu anayejua uzito wa jiwe. Alitaka kujua msingi ulishuka kiasi gani, matofali yalipangwa vipi na maji yaliletwaje mjini. Alitamani kujenga majengo yenye ukubwa kama huo. Hata hivyo, Roma ya wakati huo haikuwa na fedha za kujengea ndoto za kijana mgeni asiyejulikana.

Ndipo alipoingia katika karakana ya Giuseppe Vasi, mchoraji mashuhuri wa picha za mji huo zilizochapwa kwa mabamba ya shaba. Masimulizi yanadai kuwa Vasi alimwona mwanafunzi wake ana roho ya mchoraji zaidi kuliko ya mchonga mabamba. Yanadai pia kuwa Piranesi, akidhani mwalimu anamficha siri ya matumizi ya tindikali, alimtishia maisha. Masimulizi ya namna hiyo yalikusanywa na mwandishi Mfaransa, Jacques-Guillaume Legrand, miaka mingi baada ya kifo chake, na si yote yanayoweza kuthibitishwa.

Kinachothibitika ni kwamba mwaka 1743 alitoa kitabu chake cha kwanza, mkusanyiko wa majengo aliyoyabuni kichwani. Kitabu hicho hakikumtoa katika ufukara. Mwaka uliofuata alirejea Venice, na ilipofika mwaka 1747 alikuwa tena Roma, safari hii akifungua duka la picha katika mtaa wa Corso, mkabala na chuo cha sanaa cha Wafaransa. Hakuuacha mji huo tena.

Sindano, nta na tindikali

Ufundi uliompatia riziki unahitaji maelezo kidogo. Bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa hupakwa nta. Msanii huchora juu ya nta kwa sindano, na kila sindano inapopita shaba hubaki wazi. Bamba likitiwa tindikali, shaba iliyo wazi huliwa na kuacha mifereji myembamba. Nta huondolewa, mifereji hujazwa wino, kisha karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake na kupitishwa katika mtambo wenye nguvu. Bamba moja huweza kutoa mamia ya nakala, na kila picha hutoka kinyume na ilivyochorwa, mithili ya uso kwenye kioo.

Wengine waliutumia ufundi huo kutoa picha safi za kuwauzia wasafiri. Piranesi aliutumia kama mtu anayepigana. Alilirudisha bamba katika tindikali mara kadhaa ili vivuli vizame na kuwa vyeusi zaidi. Alichora majengo yakitazamwa kutoka chini, yakimwelemea mtazamaji, na chini yake aliwaweka watu wadogo kama siafu wakinyoosha mikono kwa mshangao.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1740 hadi kufa kwake alichora mfululizo wa Mandhari ya Roma, mabamba 135 kwa hesabu inayokubalika. Wakati huohuo alitoa mfululizo wa michoro 14 ya magereza ambayo hayapo duniani, yenye ngazi zisizofika popote, minyororo na madaraja yanayoning'inia gizani. Michoro hiyo haikupata wanunuzi wengi ilipotoka. Mwaka 1761 aliirudia, akaitia giza zaidi na kuongeza mingine miwili. Karne zilizofuata zimeihesabu miongoni mwa kazi za ajabu kupita zote katika sanaa ya Ulaya.

Ndoa na ugomvi na wakubwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1750 Piranesi alimwoa Angela Pasquini, binti wa mtunza bustani wa ukoo wa Corsini. Kwa desturi ya huko mke ndiye aliyekuja na mali kutoka kwao. Bwana harusi hakuinunulia samani wala mavazi. Aliitumia kununulia mabamba ya shaba.

Mabamba hayo yalizaa kazi kubwa. Mwaka 1756 alitoa vitabu vinne vya Mambo ya Kale ya Roma, vyenye michoro zaidi ya 200. Humo hakuonyesha sura ya nje ya magofu pekee. Alionyesha misingi, nyenzo za kunyanyulia mawe, mifereji ya maji na vyumba vya makaburi, kana kwamba amelipasua kila jengo katikati. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa mambo ya kale cha London kilimpa uanachama wa heshima.

Lakini kazi hiyo ilimwingiza katika ugomvi uliotikisa Roma. Lord Charlemont, mtukufu kijana kutoka Ireland, alikuwa ameahidi kuifadhili ilipokuwa bado mpango mdogo. Kazi ilikua, fedha haikuja, na mawakala wa mtukufu huyo walimpuuza msanii. Piranesi alilifuta jina la Charlemont katika ukurasa wa mbele, kisha mwaka 1757 akachapa barua za kujitetea ili Ulaya nzima izisome.

Kwa mwana wa mwashi kumfuta mtukufu hadharani lilikuwa jambo zito katika zama hizo. Ujumbe wake ulikuwa bayana: cheo cha mtu hurithiwa, lakini jina la msanii hupatikana kwa jasho, na mwenye ahadi asiyoitimiza hana haki ya kuandikwa juu ya kazi ya mwingine.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa fikra. Katika miaka hiyo wasomi kadhaa walianza kuhubiri kwamba asili ya uzuri wote ni Ugiriki, na kwamba Warumi walikuwa waigaji tu. Mfaransa Julien-David Le Roy alichapa mwaka 1758 michoro ya magofu ya Ugiriki, na Mjerumani Johann Joachim Winckelmann, aliyeishi Roma, aliandika historia ya sanaa ya kale iliyowatukuza Wagiriki. Piranesi alijibu mwaka 1761 kwa kitabu kinene juu ya fahari ya Warumi, akidai kuwa ufundi wao mkubwa ulitoka kwa Waetruski, wenyeji wa Italia. Sehemu ya hoja zake haikusimama mbele ya uchunguzi wa baadaye. Lakini kutokana na mjadala huo alifikia imani iliyoongoza kazi zake zilizofuata, kwamba urithi wa kale haukuachwa ili uigwe kitumwa, bali msanii ana uhuru wa kuchanganya na kuzua.

Mjenzi wa kanisa moja

Mwaka 1758 alichaguliwa Papa Clement XIII, wa ukoo wa Rezzonico wa Venice. Kwa Piranesi, mwenzao wa nyumbani, mlango ulifunguka. Mwaka 1761 alihamia katika jumba la Tomati karibu na ngazi maarufu za Hispania, akaweka mtambo wake mwenyewe wa kuchapia, na mwaka huohuo alipokewa katika chuo cha wasanii cha Mtakatifu Luka. Baadaye Papa alimtunukia cheo cha heshima kilichomruhusu kutia sahihi kama Cavaliere.

Aliagizwa kusanifu upya upande wa madhabahu wa kanisa kuu la Laterano. Alitengeneza michoro mikubwa na ya kupendeza, lakini ujenzi haukufanyika. Ni mpwa wa Papa, Kardinali Giovanni Battista Rezzonico, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Malta mjini Roma, aliyempa jengo alilolijenga kweli. Kati ya mwaka 1764 na 1766 Piranesi alilikarabati kanisa la Santa Maria del Priorato katika kilima cha Aventino pamoja na kiwanja kilicho mbele yake. Hadi leo wageni hupanga foleni kwenye lango alilolisanifu ili kuchungulia katika tundu la ufunguo, ambamo kuba la Mtakatifu Petro linaonekana mbali, limezungukwa na miti.

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Mtu huyu alitia sahihi katika kazi zake kama msanifu majengo wa Venice, lakini katika miaka 58 ya uhai wake alijenga kanisa hilo dogo tu. Majengo yake mengine yote yalibaki ndani ya karatasi.

Kinamasi cha Pantanello

Papa Clement alifariki dunia mwaka 1769, na neema ya ukoo wa Rezzonico ikapungua. Piranesi alikuwa na familia na karakana ya kulisha. Aligeukia biashara iliyokuwa ikishamiri Roma, ya kuwauzia matajiri wa Uingereza masalio ya kale.

Vijana wa tabaka la juu la Uingereza walikuwa na desturi ya kuzunguka Ulaya kabla ya kushika mali za baba zao, na Roma ilikuwa kilele cha safari hiyo. Walitaka kurudi na kitu cha kuweka ukumbini. Hawakutaka vipande vilivyovunjika. Walitaka sanamu yenye pua na chombo chenye mikono yote miwili, na Roma ilikuwa na mafundi wa kuwaridhisha, maarufu zaidi akiwa Bartolomeo Cavaceppi.

Mwaka 1769 Gavin Hamilton, mchoraji na mchimbuaji kutoka Scotland, alianza kukausha kinamasi kilichoitwa Pantanello, pembezoni mwa kasri la Kaisari Hadrian huko Tivoli, si mbali na Roma. Hadrian alitawala dola ya Warumi kati ya mwaka 117 na 138 na alilijaza kasri lake sanamu na vyombo vya kila namna. Ndani ya tope lenye kunuka Hamilton alipata shehena kubwa ya marumaru iliyovunjika. Vipande vingi vilimfikia Piranesi, na karakana yake ilianza kazi.

Chombo cha masatiri kilizaliwa hivyo. Vipande vya kale vya mchongo wa mavuno ya zabibu viliunganishwa na marumaru mpya iliyochongwa kwa mtindo uleule. Chombo kiliinuliwa juu ya miguu mitatu na kuwekwa juu ya kitako cha pembe tatu. Mafundi walijaza mapengo kwa ustadi ambao ulimfanya mnunuzi ashindwe kujua ni wapi karne ya pili inakoma na ya 18 inaanza.

Kinamasi hichohicho kilitoa vipande vya chombo kingine kilichopata sifa kubwa, kinachojulikana kama Chombo cha Warwick. Kilinunuliwa na Sir William Hamilton, mjumbe wa Uingereza katika ufalme wa Naples, kikakarabatiwa kwa marumaru ya Carrara. Kimepambwa kwa vichwa vya wafuasi wa Bakusi, ngozi za chui, mizabibu na fimbo za sherehe zake. Baada ya kukaa kwa vizazi vingi katika ngome ya Warwick, kilinunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa kimo katika makumbusho ya Burrell mjini Glasgow.

Piranesi alivichora vyombo vyote viwili. Michoro hiyo aliitoa kwanza moja moja, na mwaka 1778 iliunganishwa katika vitabu viwili vya vyombo, vinara, nguzo za makaburi na majeneza ya mawe, vyenye mabamba zaidi ya 100. Chini ya michoro mingi aliandika mahali kitu kilipopatikana na mtu anayekimiliki, na mingi kati yake aliitunuku kwa majina ya Waingereza. Vitabu hivyo vilikuwa elimu na vilikuwa tangazo la biashara kwa wakati mmoja.

Katika marumaru, jicho la mtaalamu likikaribia huona mshono. Rangi ya jiwe hubadilika kidogo, na mkato wa patasi haufanani. Katika shaba mshono huo hutoweka, kwa kuwa sindano ileile imechora cha kale na kipya. Satiri aliyechongwa enzi ya makaisari na aliyeongezwa na fundi wa juzi wanavuna zabibu pamoja, wakiwa na vivuli vilevile. Hivyo sherehe iliyovunjika na kuzama topeni ilirudi kuwa nzima. Mafundi wa fedha na wa kauri wa Ulaya waliitazama michoro ya aina hiyo walipotengeneza mabakuli na vinara vya majumba ya kitajiri.

Je, huo ulikuwa udanganyifu? Kwa kipimo cha mtaalamu wa leo, kuongeza bila kuonyesha nyongeza ni kosa. Kwa kipimo cha zama zake ndiyo ilikuwa kazi ya mkarabati, na wanunuzi wengi walijua kuwa hakuna chombo kinachotoka topeni kikiwa kizima. Piranesi mwenyewe alikuwa amekwisha kutangaza katika maandishi yake kwamba mambo ya kale ni mbegu ya kupandwa upya. Hata hivyo hoja hiyo ilimnufaisha muuzaji, naye muuzaji alikuwa ni yeye.

Fedha ya Boyd

Aliyekinunua chombo cha masatiri, mwaka 1776, alikuwa Sir John Boyd, mfanyabiashara wa London. Alikipeleka katika jumba lake la Danson, katika jimbo la Kent. Kwa msomaji wa Afrika, habari za mnunuzi huyu hazipaswi kupita kimya.

Utajiri wa ukoo wa Boyd ulitokana na sukari ya mashamba ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa na watumwa. Aidha, John Boyd na baba yake, Augustus, walikuwa miongoni mwa wabia walioinunua mwaka 1748 ngome ya kisiwa cha Bunce, katika mto wa Sierra Leone, ambako maelfu ya Waafrika walifungwa kabla ya kupakiwa melini na kuvushwa bahari ya Atlantiki.

Hakuna alama ya jambo hilo katika marumaru wala katika mchoro. Masatiri wanaendelea na mvinyo wao. Lakini minyororo ambayo Piranesi aliizua katika magereza yake ya kubuni ilikuwa kitu halisi huko ilikotoka fedha iliyomlipa. Chombo hicho kilisimama katika jumba la ukoo huo kama fahari ya elimu na uungwana. Mwaka 1868 kilinunuliwa na Makumbusho ya Uingereza.

Safari ya mwisho

Mnamo mwaka 1777, afya yake ikiwa imeanza kudhoofika, Piranesi alisafiri kwenda Paestum, kusini mwa Naples, akiwa na mwanawe Francesco. Huko yamesimama mahekalu matatu makubwa ya Wagiriki waliohamia Italia karne nyingi kabla ya Kristo. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuupinga ukuu wa Wagiriki alikaa chini mbele ya nguzo zao nzito na kuzichora kwa heshima kubwa. Baadhi ya michoro hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sir John Soane jijini London, na wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake bora.

Hakuishi kuiona kazi hiyo ikikamilika. Alifariki dunia Roma Novemba 9, 1778, mwaka uleule vilipokamilika vitabu vya vyombo na vinara. Alizikwa kwanza katika kanisa la Sant'Andrea delle Fratte, kisha Kardinali Rezzonico akaagiza mwili wake uhamishiwe Santa Maria del Priorato. Mtu aliyejenga kanisa moja akapumzika ndani yake, mbele ya sanamu yake iliyochongwa na Giuseppe Angelini. Kinara cha marumaru alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya kaburi lake, nacho kikiwa kimeungwa kwa vipande vya kale na vipya, kiko katika makumbusho ya Louvre jijini Paris.

Mabamba yaliyobaki

Karakana haikufungwa. Binti yake Laura alikuwa mchoraji mahiri wa mandhari, naye Francesco aliendelea kuchapa kazi za baba na kuongeza zake. Mkusanyiko wa masalio ya kale uliobaki katika jumba la Tomati uliuzwa kwa Mfalme Gustav III wa Sweden. Mfalme huyo aliuawa mwaka 1792, na miaka miwili baadaye mkusanyiko huo ukafunguliwa kwa umma mjini Stockholm.

Machafuko ya kisiasa yalipoikumba Roma, watoto wa Piranesi waliyahamishia mabamba Paris mwaka 1799. Francesco alifariki huko mwaka 1810. Mabamba yalipita mikononi mwa wachapaji wa Kifaransa hadi mwaka 1839, Papa Gregory XVI alipoyanunua na kuyarejesha Roma. Yanahifadhiwa hadi leo katika taasisi ya serikali ya Italia inayoshughulikia sanaa za uchapaji.

Sifa yake ilivuka mipaka ya ufundi. Mshairi Mjerumani Goethe, alipofika Roma mwaka 1786, alikuta magofu halisi hayafikii ukubwa aliouzoea katika picha. Waandishi wa Kiingereza na Kifaransa wa karne ya 19 waliyageuza magereza yake kuwa mfano wa ndoto mbaya na wa akili iliyopotea ndani yake yenyewe.

Baadhi ya majengo aliyoyachora yamebomolewa tangu wakati huo, na mengine yamebadilishwa yasitambulike. Wachunguzi wa mambo ya kale bado wanafungua michoro yake kutafuta ukuta uliotoweka, wakijua kuwa wanapaswa kutenganisha alichokiona na alichokitamani. Kazi hiyo haina mwisho rahisi, kwa sababu mkono uliohifadhi ndio uliozua.

Chombo cha masatiri bado kimesimama London. Wageni wanaokizunguka huyaona mavuno ya kale yakiendelea, zabibu zikiwa mbichi kama zilivyokuwa. Wachache hukumbuka tope la Pantanello, na wachache zaidi ngome ya kisiwa cha Bunce. Mwana wa mwashi aliviunganisha vipande, na kuvitenganisha ili kujua kila kimoja kilitoka wapi kumebaki kuwa wajibu wa wale wanaokitazama leo.